Rubani Aliyempisha Mama Mkwe

Sehemu ya Tisa

Kanga nyekundu!

Hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita, na najua wengi mlilala vibaya. Msomaji mmoja wa Maswa ameniandikia barua ya kurasa tatu, ananitaka nimuue rubani haraka ili yeye apate usingizi. Simuui. Bado nina kazi naye.

Basi kaa vizuri. Kapteni Marselino Makoye, kijana wa Kishapu, yuko futi mia mbili juu ya kiwanja cha Mhunze, anashuka. Ndege yake ni ile ndogo ya injini moja na viti vinne, imetoka Geita asubuhi hii. Kando yake amekaa Bwana Bartholomeo, mkaguzi wa marubani kutoka Dar es Salaam, mzaliwa wa Ndanda, fomu mapajani, penseli mkononi.

Leseni ya Marselino ilikuwa inategemea penseli hiyo.

Mwaka huo wa sabini na mbili alikuwa ameshakosea mara mbili. Mara ya kwanza alitua katika shamba la mahindi la misheni akidhani ndicho kiwanja. Mara ya pili alitua huku upepo unamsukuma mgongoni, akapitiliza mwisho wa kiwanja, akaenda kusimama tindigani kwa vyura. Makosa yote mawili yalikuwa yake, asimsingizie mtu. Barua ya onyo ilisema kosa la tatu ndilo la mwisho.

Na mzee Bujiku, baba wa mchumba wake Apolonia, alisema kwa ufupi zaidi.

"Mimi binti yangu namwoza rubani. Simwozi mtu aliyewahi kuwa rubani."

Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata.

Turudi kwenye kanga.

"Kuna mtu kiwanjani," alisema Bwana Bartholomeo.

"Namwona, mzee."

"Yuko pembeni, hana neno. Endelea."

Kweli alikuwa pembeni, hatua thelathini kushoto. Alikuwa anapunga kanga nyekundu, anafukuza mbuzi ili ndege ipate kutua. Marselino akashusha ndege taratibu. Magurudumu yakagusa udongo kwa ulaini hata chupa ya maji ya mkaguzi haikutikisika.

"Safi," alisema Bwana Bartholomeo, akatia alama kwenye fomu.

Hapo mwanamke akageuka, na Marselino akamwona uso. Alikuwa Mama Apolonia. Mama mkwe!

Sasa wewe msomaji wa mbali usicheke kabla sijakueleza. Kwao Marselino, mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani, wewe unatoka njiani. Unaingia kichakani, unaingia tope, unageuza uso mpaka apite. Tangu posa ipokelewe Marselino alikuwa ameshaacha baiskeli barabarani akatumbukia kwenye ua wa minyaa, na siku nyingine aliingia zizi la watu asiowajua, akawasalimia ng'ombe. Watu wa Mhunze walimpenda kwa hilo.

Lakini siku zote hizo alikuwa kwa miguu. Leo yuko ndani ya ndege inayokimbia, na mguu wake haukuuliza kichwa. Mguu wa kulia ulikanyaga pedali, ndege ikakata kulia, ikatoka njiani kwa adabu zote.

"Unakwenda wapi?" Bwana Bartholomeo alipiga kelele.

"Nampisha, mzee!"

"Unampisha nani? Kiwanja chote ni chako!"

Marselino alifunga breki. Kwenye nyasi kavu breki haikumsikiliza. Ndege ilipita juu ya mikeka ya mtama ulioanikwa, kuku wakaruka juu kuliko alivyokuwa anaruka rubani, watu wakatawanyika. Mbele yao kulikuwa na rundo la pamba ya chama cha ushirika, kubwa kuliko nyumba, linangoja lori la kulipeleka kiwandani.

Marselino akazima injini.

"Mama yangu," alisema mkaguzi.

Pufu!

Dunia ikawa nyeupe. Pangaboi lilikuwa linamalizia mizunguko yake ya mwisho, likaitupa pamba juu, ikatawanyika hewani, ikawashukia watu, mbuzi na paa la ghala.



Kisha sauti ya mwanamke ikasikika kutoka upande wa mizani ya chama: "Jamani! Hiyo ni pamba safi! Kwa nini msingeangukia pamba fifi, ile ya daraja la pili?"

*

Mlango wa ndege ulifunguka, Bwana Bartholomeo akatoka akitambaa. Pamba ilikuwa imemganda nyusi, masharubu na kidevu. Alikuwa amezeeka miaka arobaini kwa dakika moja. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo babu!"

"Marahaba," alijibu bila kufikiri, kisha akakasirika.

Apolonia alikuja mbio kutoka zahanati, sare yake ya uuguzi imefungwa kitufe kimoja kombo, sanduku la bandeji mkononi. Alimpapasa Marselino kichwa, mabega, mikono.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Basi kwa nini unalia?"

"Silii. Pamba imeingia machoni."

Alikuwa analia. Alijua kwamba hilo lilikuwa kosa la tatu.

Bwana Bartholomeo alipangusa fomu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa fomu. Aliuliza kwa sauti ya kiserikali, "Kapteni Makoye, ulitua vizuri. Ulikuwa unakwenda sawa. Kwa nini ulikata kulia?"

Jina la mama mkwe halitajwi, na hata kumsonta kwa kidole haifai. Marselino akasimama pale kama mwanafunzi asiyejua tebo.

Umati haukungoja. Umati wa Mhunze siku ya mnada haujawahi kungoja.

"Alimpisha mkwe!"

"Kampisha na ndege!"

"Mimi nimeona watu wanapisha kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mkokoteni. Kwa ndege ndiyo mara ya kwanza!"

Vigelegele vikapasuka. Akina mama walimzunguka Marselino wakicheza na pamba vichwani. Kizee mmoja alitangaza kwamba mkwe wa namna hii hajazaliwa tena tangu wakati wa Wajerumani. Marselino alitamani ardhi ipasuke. Kila kigelegele kilikuwa kinamsogeza karibu na mwisho wa leseni yake, maana kila sifa ilikuwa ushahidi.

"Kwa hiyo," alisema Bwana Bartholomeo polepole, "ndege haikuharibika. Upepo haukubadilika. Alikata kwa hiari yake mwenyewe."

"Kwa hiari kabisa!" umati uliitika kwa furaha.

"Fomu yangu ina nafasi ya hali ya hewa, ya ubovu wa chombo, na ya kosa la rubani," alisema mkaguzi. "Nafasi ya mkwe haimo."

Akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi.

Hapo watu wakaelewa. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Mzee Bujiku akajipenyeza mbele. Mzee huyu alikuwa mfupi, mwenye kofia ya pama na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alimtazama mkaguzi, akaitazama penseli, akawaza harusi ya Jumamosi.

"Andika ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe gani?"

"Kulikuwa na ng'ombe katikati ya kiwanja. Kapteni alimkwepa ng'ombe. Hii habari ya mkwe ni maneno ya watu wa mnadani, wamekunywa."

Umati ukageuka wote kwa pamoja.

"Ee! Ng'ombe!"

"Mkubwa!"

"Mimi nilimwona kwa macho yangu haya!" aliapa yule kizee wa Wajerumani.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza mkaguzi.

Haikuchukua dakika mbili. Ng'ombe akaletwa, jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni, anatafuna mtama wa watu bila wasiwasi wowote. Mzee Bujiku akampiga kofi la mgongo.

"Huyu hapa mkosaji. Ni wangu. Mkorofi tangu alipokuwa ndama."

Ng'ombe akajamba. Watu wakasema hiyo ndiyo dalili ya kukiri.

Bwana Bartholomeo aliwatazama wote, akamtazama ng'ombe, mwisho akamtazama Marselino. "Ng'ombe kiwanjani si kosa la rubani," alisema. "Ni jambo la kawaida mikoani. Nikiliandika, yamekwisha na leseni yako iko salama. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, Kapteni. Kulikuwa na ng'ombe?"

Marselino alihitaji kuitikia kwa kichwa tu, wala si kusema neno.

Alimtazama Apolonia. Apolonia hakumkonyeza wala hakumkataza, alimtazama tu, na bandeji iliyofunguka ilikuwa inaburuta chini. Marselino alikumbuka siku ya kwanza aliporuka peke yake, akaiona Kishapu yote kwa mara moja, mito mikavu na mazizi ya miduara, akaimba angani kwa sauti mpaka koo likakauka. Alitaka kuruka tena kesho, na kesho kutwa, na mpaka azeeke. Alilitaka hilo kuliko chakula.

"Hapakuwa na ng'ombe, mzee," alisema. "Kosa ni langu."

"Aaaah!" umati ulilia kwa uchungu.

Mzee Bujiku alikaa chini palepale. "Umeniaibisha," alisema, "mbele ya ng'ombe wangu mwenyewe."

*

Bwana Bartholomeo aliandika. Penseli ilikwaruza, na wote wakaisikia. *Chanzo cha ajali: kosa la.* Hapo akasimama.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa," alisema. "Nimesikia habari za tai, za vumbi, za jua machoni, na mara moja habari ya shetani. Hakuna aliyewahi kuniambia kosa ni lake huku ng'ombe mzima amesimama pale tayari kubeba lawama."

Akapachika penseli sikioni.

"Ninachotaka kujua ni kimoja. Kosa hili litarudi au halitarudi? Maana abiria wa Mwanza na Shinyanga hawawezi kuingizwa kwenye pamba kila mama mkwe anapokatiza. Utaruka tena sasa hivi, mzunguko mmoja, utue hapahapa. Mimi nitakaa kando yako. Na abiria wa nyuma..."

Alinyosha kidole. Umati ukafuata kidole hicho mpaka nyuma ya mizani ya chama, ambako Mama Apolonia alikuwa amesimama muda wote, ametupa mgongo, kanga nyekundu kichwani.

"...atakuwa yule mama."

Mkwe na mama mkwe katika chumba kimoja kisichotosha hata kupiga chafya?

Mama Apolonia alizungumza bila kugeuka. Alikuwa hatua sita kutoka kwa Marselino, lakini neno halivuki hatua hizo hivihivi, lazima libebwe.

"Apolonia, mwambie huyo mzee mwenye ndevu za pamba kwamba mimi sijapanda hata lori."

"Mzee, mama anasema hajapanda hata lori."

"Nimesikia," alisema mkaguzi.

"Mwambie tena: kijana akinyang'anywa ndege kwa sababu yangu, nitalala wapi? Nitakula nini kishuke?" Hapo akaivuta kanga mpaka machoni. "Mwambie mkwe wangu nitajifunika uso wote. Yeye aangalie mbele. Mungu akipenda hatutaonana."

"Marselino, mama anasema uangalie mbele."

"Mwambie mama nimesikia. Mwambie asante, wabeja sana."

"Mama, anasema wabeja."

"Nimesikia, kwani mimi kiziwi?" alisema Mama Apolonia.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakaingia kazini. Wanaume arobaini waliishika ndege mkia, wakaivuta kutoka kwenye pamba kwa wimbo wa kulimia, mmoja anaanzisha na wengine wanaitika. Bwana Bartholomeo alivua koti, akakunja mikono ya shati, akafungua kifuniko cha injini. Marselino alitaka kumsaidia, akafukuzwa.

"Kabla ya penseli nilishika spana miaka kumi na mmoja," alisema mkaguzi, akitoa pamba kwa konzi. "Hakuna pamba itakayonikimbia mimi."

Alichomoa pamba ikajaa kikapu kizima. Akakagua pangaboi, magurudumu, mabawa. Akafunga kifuniko, akatia saini yake kwenye daftari la ndege kwamba chombo ni kizima, akakipiga kofi kama Bujiku alivyompiga ng'ombe.

Nakuomba uikumbuke saini hiyo.

*

Waliruka saa tisa alasiri.

Nyuma, chini ya kanga, Mama Apolonia alisali Salamu Maria kwa sauti ya kushindana na injini. Ndege ilipoacha ardhi alisali kwa haraka zaidi. Ilipoinama kushoto akaiacha sala katikati, akamwita mama yake.

"Mayu we!"

Marselino aliangalia mbele.

"Mayu we! Lile ni zizi letu! Na yule ni jirani, amekaa tu! Asubuhi aliniambia anaumwa mgongo, kumbe anakunywa togwa!"

Kanga ilikuwa imeshuka mabegani. Alibandika pua kwenye kioo, akacheka kicheko cha msichana wa miaka kumi na tano. Aliona mikokoteni ya mnada kama njugu zilizomwagika. Aliona upande wa Songwa, na barabara nyeupe ya vumbi inayokwenda Shinyanga. Marselino naye akaanza kucheka huku macho yake yameganda mbele, na Bwana Bartholomeo akacheka, akakumbuka cheo chake, akakohoa.

"Elekea kiwanja," aliagiza.

Marselino aligeuza ndege. Mikono yake ilikuwa imetulia, na upepo ulikuwa usoni safari hii, sawasawa. Alishusha mwendo, akashusha pua. Hakuwa amewahi kujipanga kutua vizuri hivyo maishani mwake, akajua kwamba leseni ni yake na harusi ni yake. Bwana Bartholomeo alichomoa penseli sikioni ili amalizie sentensi.

"Kapteni," alisema ghafla. "Kile ni nini?"

Katikati ya kiwanja, akitafuna, alikuwa amesimama ng'ombe jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni.

Shahidi wa uongo! Alipokwisha kutoa ushahidi hakuna aliyekumbuka kumrudisha zizini. Mzee Bujiku alikuwa anamvuta mkia kwa mikono miwili, kofia imeanguka, na ng'ombe hana habari naye.

"Panda juu!" alisema mkaguzi. "Zunguka tena!"

Marselino alikuwa ameshasukuma mafuta. Injini ikanguruma, ikakohoa mara moja, ikakohoa tena. Kitonge cheupe cha pamba kilitoka mbele, kikapita kiooni taratibu, kikaenda zake.

Injini ikazimika. Upepo tu ndio uliobaki.

"Nani aliyekagua injini hii?" Bwana Bartholomeo alifoka kwa mazoea.

"Wewe, mzee," alisema Marselino.

Fomu ikateleza kutoka mapajani, ikaanguka sakafuni. *Kosa la.* Mkaguzi aliitazama akaona jina lake mwenyewe linaweza kutosha kabisa kwenye nafasi ile.

"Kata kulia!" alilia. "Kulia, kwenye pamba! Kama mwanzo!"

Lakini juu ya rundo la pamba walikuwa wamepanda watu wapatao thelathini ili waone vizuri, wanapunga mikono. Kushoto kulikuwa na akina mama wa vigelegele, na katikati yao Apolonia na sanduku lake la bandeji. Ardhi ilikuwa inakuja mbio. Mguu wa kulia wa Marselino ukaitafuta tena pedali.

Hapo mkono ukatua begani kwake, mkono wa mama mkwe, usiomgusa mkwe tangu dunia iumbwe.

"Marselino," Mama Apolonia alisema, yeye mwenyewe, bila kutuma mtu, mdomo karibu na sikio lake. "Ng'wana wane, mwanangu, leo usimpishe mtu. Nyooka. Yule mzee namjua mimi, atakimbia."

Marselino akanyooka.

Chini, mzee Bujiku alisikia mluzi wa upepo kwenye mabawa. Akaachia mkia, akainua kichwa ili ajue akimbilie wapi. Na nyuma ya kioo akamwona mke wake, uso wazi, nywele wazi, mkono begani mwa mkwe.

Ng'ombe akakimbia.

Mzee Bujiku akabaki amesimama.